MAMBO YA MOTOKARI: Freni ya mashindano na freni ya njia yetu

Niliahidi kuongea juu ya batri mwezi huu. Batri itangoja, kwa sababu kuna barua moja ambayo sikupenda ilale juu ya meza yangu.

Aliyeiandika ni kijana wa miaka 24. Anatumika mu kampuni moja ya mine, na kwa makuta aliyokusanya polepole amenunua Toyota Corolla ya okazyo. Anasema hivi: "Baba fundi, rafiki zangu wananiambia nitoe plaketi za kawaida, niweke zile za mashindano, pamoja na diski zenye matundu. Wanasema motokari itasimama palepale. Bei yake ni mishahara yangu miwili. Siku ya Mungu ninabeba mama yangu na wadogo wangu wane kwenda kanisani. Nifanye namna gani?"

Asante mwanangu kwa kuuliza mbele ya kununua. Wengi wananiuliza kisha kununua, na pale ninabaki paka na kazi ya kuwasikitikia.

Kwanza tufahamu freni inafanya kazi gani. Motokari ikitembea iko na nguvu ndani ya mwendo wake. Ukitaka isimame, ile nguvu haipotee hivi hivi, inapashwa kwenda fasi fulani. Freni inaigeuza kuwa moto. Plaketi zinakamata diski kwa pande mbili, zinasuguana, diski inapata moto, na upepo unaubeba. Ni hiyo tu. Mutu anayetengeneza freni anatengeneza jiko.

Wamama watafahamu upesi zaidi kuliko sisi wanaume. Tufikiri Corolla na watu ndani yake, jumla kilo 1400. Inatembea kilometre 100 kwa saa, unaisimamisha kabisa. Moto unaotoka pale unaweza kuchemusha maji ya baridi litre moja na nusu, na kupita kidogo. Kama ulikuwa unatembea 50, siyo nusu ya maji yale, ni robo yake: vikombe viwili hivi. Na kama ulikuwa unakimbia 160, ni litre ine. Mwendo ukizidi mara mbili, moto unazidi mara ine. Vijana wengi hawajui hesabu hii, na njo maana wanafikiri kutoka 80 kwenda 120 ni kitu kidogo.

Sasa angalia mutu wa mashindano. Anachemusha sufuria yake ya litre ine, anakanyaga mafuta, na dakika moja haijapita anafika ku kona ingine, anachemusha tena. Hivyo hivyo saa nzima. Diski zake hazipate nafasi ya kupoa. Kwa hiyo yeye anahitaji diski kubwa, nene, zenye njia ya upepo katikati, na plaketi ambazo hata zikipata moto wa degre 600 bado zinakamata. Mu Formula 1 hata chuma haitoshi tena, wanatumia diski za kaboni ambazo zinaweza kufika karibu degre 1000, unaziona zinawaka nyekundu sawa makala.

Lakini plaketi yenye kupenda moto haipende baridi. Hapa njo siri yote ya barua hii. Plaketi ya mashindano ikiwa baridi inateleza. Zingine zinaomba kupita degre 100, zingine 200, ndipo zinaanza kukamata vizuri. Dereva wa mashindano anazipasha moto kwanza, anazunguka akikanyaga na kuachia mbele ya kuanza. Na wewe mwanangu, asubuhi ya mwezi wa sita na baridi ile ya Kolwezi, unatoka ku lupango, haujafika hata metre 300, mutoto anakimbilia mupira wake mu njia. Plaketi zako ziko baridi sawa mawe. Plaketi ya kawaida, ile ambayo rafiki zako wanaicheka, inakamata tangu mara ya kwanza unapoikanyaga. Ilitengenezwa kwa ajili ya mutoto yule. Ubaya wake ni kwamba ikipita degre 350 ao 400 inaanza kulegea. Lakini ku kazi na ku kanisa hautafika kule.

Tena ile ya mashindano inapiga kelele, inatoa vumbi nyingi, na inakula diski haraka. Mishahara miwili leo, mushahara mwingine kisha miezi michache.

Na diski zenye matundu? Zamani plaketi zikipata moto sana zilikuwa zinatoa moshi, na ule moshi ulikuwa unaingia katikati ya plaketi na diski na kuzitenganisha. Matundu yalikuwa njia ya kuutoa. Plaketi za leo hazitoe moshi mwingi vile. Matundu yamebaki, sababu yanapendeza macho kupitia ndani ya janti. Lakini kila tundu ni chuma iliyopunguka, na ufa unapenda kuanzia pale pale. Diski nzima isiyo na tundu, ya kipimo cha kiwanda, inafaa Corolla yako kabisa.

Kuna neno lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Kinachosimamisha motokari mwishoni ni pine ku udongo. Fanya hivi: fasi iliyo wazi, bila mutu, endesha 40, kanyaga kwa nguvu. Kama pine zinakwama na kuburuta, ao kama motokari iko na ABS na pedali inatetemeka chini ya muguu, basi freni yako tayari iko na nguvu kupita pine. Hata ukiweka freni ya Jaguar, hautasimama karibu zaidi. Utakwama haraka zaidi, hiyo tu. Ku njia yetu yenye vumbi na changarawe, pine iliyolika ni adui kuliko plaketi yoyote.

Kwa kuwa nimetaja Jaguar, acha niwaambie habari yake, vijana wanapenda. Mu mwaka 1953, mu mashindano ya saa 24 ya Le Mans kule Ufaransa, Jaguar C-Type zilikuja na freni za diski zilizotengenezwa pamoja na Dunlop, wakati wengi waliposhindana nao walikuwa bado na tamburi. Tamburi inafunga moto ndani yake sawa sufuria yenye kifuniko, na diski iko inje, mu upepo. Kule Le Mans kulikuwa barabara moja iliyonyooka karibu kilometre 6, na mwisho wake kona kali. Wenye tamburi walianza kukanyaga mbali. Wa Jaguar walingojea, wakakanyaga karibu na kona, na tena, na tena, mpaka asubuhi. Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda, na kwa saa zote 24 mwendo wao wa katikati ulipita kilometre 160 kwa saa. Kisha miaka miwili, mu 1955, Citroën ikatoa DS na freni za diski ku magurudumu ya mbele, motokari ya watu wa kawaida. Kwa hiyo ni kweli kwamba vitu vizuri vinatoka ku mashindano na kuja kwetu. Lakini vinapita kwanza kwa watu wenye kuvigeuza kwa ajili ya njia. Hawakutoa freni ya Le Mans na kuifunga vilevile ku DS.

Mu mwaka ule ule wa 1955, tarehe 11 ya mwezi wa sita, kule kule Le Mans, Mike Hawthorn akiwa na Jaguar alikanyaga freni ili aingie fasi ya kutia mafuta. Lance Macklin aliyekuwa nyuma yake akakwepa kwa kushoto. Pierre Levegh alikuwa anakuja na Mercedes, mwendo mukubwa sana. Mercedes ile ilikuwa bado na tamburi, pamoja na kibao kimoja kinene nyuma kilichoinuliwa ili kishike upepo. Aligonga motokari ya Macklin, akaruka mu watu. Levegh alikufa pamoja na watu zaidi ya 80. Watu wamebishana miaka mingi nani alikosa, mimi siwezi kuhukumu. Ninachokumbuka ni hiki: mu njia moja kulikuwa motokari zenye freni mbalimbali. Na njia yetu ya Likasi ni vile vile. Wewe ukikanyaga na kusimama sawa umegonga ukuta, kamyo ya shaba iliyo nyuma yako haina plaketi za mashindano. Angalia kioo.

Sasa ninakuja ku jambo lenye kunigusa mimi mwenyewe, na sikupenda kuliandika, lakini bibi yangu amesema niandike.

Mwaka 2009 shemeki yangu alikuwa na taksi-basi. Aliipeleka mu garaji moja, wakamuwekea plaketi mupya mbele. Kesho yake akapita kwangu: "Yaya, angalia kidogo kazi yao." Nilikuwa na haraka. Niliinama, nikachungulia kupitia janti, nikaona plaketi nene, za mupya. Nikamwambia: "Iko muzuri, enda." Sikufungua kifuniko cha mafuta ya freni. Kama ningefungua ningeona mafuta meusi sawa kahawa.

Wandugu, mafuta ya freni yanakunywa maji. Hata kopo likifungwa, maji ya hewani yanaingia polepole, kupitia kifuniko, kupitia mipira. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mupya yanachemuka ku degre 230 ao zaidi. Yakishakunywa maji kidogo, hata haifike 4 kwa 100, yanaweza kuanza kuchemuka ku degre 155. DOT 3 yanaanza na 205, yanashuka mpaka 140. Na yakichemuka yanatoa mvuke. Mafuta hayakubali kubanwa, njo maana muguu wako unafika ku gurudumu. Mvuke unabanwa sawa mupira wa mutoto. Unakanyaga, muguu unaenda mpaka chini, na motokari haina habari.

Shemeki alikuwa anateremuka mulima, watu 18 ndani na mizigo juu, vitesi ya ine, muguu juu ya freni kutoka juu mpaka katikati. Pedali ikaanguka. Alilia: "Freni haiko! Mukamate muzuri!" Mungu alimupa akili, akaingiza vitesi ya tatu, kisha ya pili, moteri ikalia, akavuta freni ya mukono kidogo kidogo, akaegemea kichuguu cha udongo kando ya njia. Mama mumoja alivunjika mukono. Wengine walishuka na miguu yao. Patron wa garaji alipoitwa alionyesha plaketi: "Angalia, ni za mupya." Na kweli zilikuwa za mupya. Mimi vilevile nilikuwa nimeziona. Yule mama ninamupita ku soko mara nyingi, ananisalimia vizuri. Hajui kama ni mimi niliyesema enda.

Kwa hiyo jifunzeni kutofautisha alama mbili. Pedali ikiwa ngumu, iko juu, lakini motokari haisimame: plaketi zimeungua, zimelegea na moto. Pedali ikiwa laini na inashuka: mafuta yanachemuka, ao kuna hewa, ao kuna fasi inavuja. Ya kwanza, shusha vitesi, achia kidogo zipoe. Ya pili, kanyaga na kuachia mara nyingi upesi upesi, labda muguu utapata kitu, na palepale shusha vitesi. Ukisha kusimama usimwange maji ku diski yenye moto, itapasuka ao itajikunja.

Wenye kutumika ku mine wanajua neno hili kupita sisi. Angalieni Caterpillar 777 zinavyoteremuka na mawe karibu tone 90 mugongoni. Shofere haegemee pedali. Anatumia ritarda, vitesi ya chini, na diski za nyuma za kamyo ile zinaogelea mu mafuta yanayozunguka na kubeba moto. Mutu anajua vile muchana kutwa, kisha saa ya kurudi ku nyumba anaingia mu motokari yake, anateremuka mulima mu vitesi ya ine na muguu ku freni! Fanya hesabu ya kamyo ya njia, tone 30, ikishuka mulima wa metre 300 kwenda chini. Ile nguvu ingechemusha bidoni 13 za maji, zile za litre 20. Nani atapika vile na freni peke yake? Watu wa Kivu wanaoteremuka Ngomo kutoka Bukavu kwenda Uvira wanajua. Vitesi ambayo ungepandia mulima, teremukia na hiyo hiyo.

Turudi kwa kijana wetu. Makuta yako, mwanangu, yapange hivi. Kwanza pine ine nzuri, hata kama si mupya kabisa lakini zenye meno, za namna moja. Kisha plaketi za kawaida za kipimo cha Corolla yako, kwa muuzaji ambaye unaweza kumurudilia. Zile za bei ya karanga ziache. Nimekwisha kuona plaketi ambayo ilibanduka ku chuma yake kisha juma mbili. Diski za mbele pima unene wake, ku ukingo kiwanda kimeandika kipimo cha chini. Nyuma, kama ni tamburi, fungua, osha, rekebisha. Mu garaji nyingi hawagusi nyuma kabisa. Na usikubali mutu akuwekee freni ya nguvu nyuma peke yake: ukikanyaga, uzito wa motokari unaenda mbele, nyuma inabaki nyepesi, inakwama ya kwanza, na motokari inageuka kichwa kule ulikotoka.

Vumbi ya freni usiipulize na mukomo, na kompresere pia hapana. Plaketi na garnitire za zamani, na zingine za bei rahisi, ziko na amianti ndani, na ile inaharibu mapafu kisha miaka mingi. Wape wanafunzi wa garaji neno hili. Lowanisha na maji, pangusa na kitambaa, tupa kitambaa.

Mafuta ya freni: mwaga yote, weka DOT 4 kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, na kila kisha miaka miwili rudilia. Yale ya mashindano yanayopita degre 300 hauna kazi nayo. Yanaomba kubadilishwa mara kwa mara, na kama hayabadilishwi faida yake inapotea. Kamwe usijazie mafuta ya moteri: mipira inavimba, na freni yote inakufa.

Plaketi mupya zifundishwe. Endesha 60, punguza polepole mpaka 20 bila kusimama, mara kumi hivi, na kuacha nafasi zipoe. Kisha tembea kilometre chache bila kukanyaga sana.

Kama siku moja utapata nafasi ya kwenda kushindana mu rally kule Zambia, haina ubaya, mimi nitakuja kuangalia. Pale nunua plaketi za mashindano, zifunge jioni ya mbele, na kisha mashindano zitoe, rudisha zile za njia kabla mama yako hajapanda.

Na juu ya mama yako. Wewe, yeye na wadogo wane ni watu sita. Corolla ni ya watano. Fanya safari mbili, ao wakubwa wawili watembee na miguu, wimbo wa kwanza haujaanza watakuwa wamefika.

Leo hii mbele ya kununua kitu chochote, washa moteri, motokari imesimama, kanyaga pedali kwa nguvu na hesabu mpaka 30. Kama inashuka polepole chini ya muguu wako, usiende nayo hata ku soko. Niandikie umeona nini. Batri ni mwezi ujao.